Njia ya Mavi ya Chuma

Mji wa Kale, Mombasa
14 Novemba 1998

Kwa dada yangu Mwanakuu,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Aidarus na watoto, na kwamba kifua cha yule mdogo kimepoa. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi wake hauna maradhi: jana alinigombeza tangu adhuhuri hadi alasiri kwa kununua nazi koroma.

Najua ulisubiri sana jibu. Uliandika kwamba unataka Mama aje akae nawe huko Malindi, nami nikakutumia salamu tu kwa mdomo wa mtu, kwamba Mama hawezi kuiacha nyumba na wenzake. Leo nakujibu sawasawa, ila itabidi univumilie, maana jibu lenyewe limepitia barabarani.

Mvua za El Niño ziliifukua njia yetu hadi mlangoni mwa msikiti, na kampuni yetu ikapewa kazi ya kuitengeneza. Kokoto zilikuwa haba, kwa hiyo tukachukua makapi ya kiwanda kimoja cha chuma kule bara, ile takataka inayoelea juu chuma chakavu kinapoyeyushwa. Ikipoa huwa jiwe jeusi lenye vitundu, gumu kuliko matumbawe yetu. Lakini haliwekwi likiwa jipya. Lina chokaa ndani, na likinywa maji chini ya lami huvimba likaipasua, basi lazima kwanza lilale nje linyeshewe mpaka litosheke. Mvua ile ile iliyoharibu njia ndiyo iliyotuivishia mawe, nami nilijiona mjanja kweli.

Tuliponzwa na jina. Wazee wa barazani walimwuliza Kazungu, mwenzangu kazini, tunamwaga nini pale. Kazungu ni Mgiriama asiyejua kupamba maneno, akawaambia ni mavi ya chuma, kwani ndivyo wahunzi wanavyoyaita na sisi hatuna jina jingine. Kufika alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba Mzamil, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani, amemwaga mavi kwenye njia ya msikitini. Watu wakaanza kuzungukia nyuma, wasije wakakanyaga najisi na udhu wao. Mwanzo nilicheka. Kisha nikaona hapiti mtu mbele ya nyumba yetu, nikaacha kucheka.

Kilichoniuma ni Mama. Unazijua alasiri zake, wanawake wamejaa ukumbini, kahawa chungu na habari za arusi za watu. Mwaka mzima nilikuwa kazi za mbali, narudi yeye ameshaswali isha. Sasa kazi iko mlangoni nikawa naingia mapema, nikamkuta amekaa peke yake dirishani, vikombe vimefunikwa kwa kitambaa. Nilimwuliza wenzake wako wapi, akasema huenda wana shughuli. Nikajua ni ile njia, na kwamba mimi ndiye niliyemfukuzia watu.

Nilikwenda kwa Maalim Zein, imamu wetu, na jiwe mkononi. Alilinusa, akaligeuzageuza, akauliza limetoka wapi. Nilipomweleza alicheka mpaka kofia ikamwenda upande, akasema chuma hakili wala hakinywi, basi choo kitatoka wapi. Ijumaa aliwaambia watu hayo hayo, kisha akavua viatu akaitembea ile njia peku hadi mwisho wake. Tangu siku hiyo watu wanapita, na wengine wananitania kwamba njia ya mavi ndiyo laini kuliko zote mjini. Lakini mlango wetu haukubishwa.

Basi nikaenda mwenyewe kwa Bi Zakiya, yule mwenzake Mama wa kahawa, kumwomba arudi. Alinifungulia mtu nisiyemjua. Ndani, pale ulipokuwa ukifundishwa kufuma, kumejaa marobota ya mitumba hadi darini. Yule mtu akasema amepanga nyumba ile tangu kabla ya mvua, na Bi Zakiya amehamia Kisauni kwa mwanawe.

Nilirudi nikamwuliza Mama. Akanijibu bila kuacha kuchambua mchele wake. Alisema Bi Zakiya alikuja kumuaga, na wale wengine ama wamehama ama wamezikwa, na hakuna aliyeikimbia njia yangu. Nikamwuliza kwa nini aliniacha nihangaike na jiwe mkononi kama muuza dawa. Akasema aliona nimepata jambo la kushughulika, akaona asinikatize. Kisha akasema kwa upole kwamba kule kwako angekwenda zamani, anawatamani wajukuu, lakini angeniacha na nani.

Dada, mimi nilikuwa nikikwambia Mama hawezi kuwaacha wenzake. Wenzake hawapo. Alikuwa amebaki ili aniangalie mimi, naye akidhani hilo silijui. Na kwa kweli nilikuwa nikilijua. Sikukukatalia kwa ajili yake, nilikukatalia kwa sababu sina mke wala mtoto, na nikiingia nyumba hii nataka nisikie sauti ya mtu, hata ikiwa ya kunigombeza. Ule uvumi ulinikera, lakini ulinifurahisha pia, kwa kuwa ulinipa cha kukisingizia upweke wa Mama.

Njoo umchukue kabla ya Ramadhani kuandama, afuturu na watoto. Usimwambie kwamba nimekuandikia haya. Mwambie wajukuu wamemlilia, naye atakuja. Akiwa huko akiuliza habari zangu, mwambie Mzamil amepata kazi nyingi hata nyumbani haonekani.

Nisalimie shemeji, na watoto wote wabusu kwa niaba ya mjomba wao. Mama angekusalimu sana, ila ameniona naandika akadhani naandika mambo ya kazi.

Ukija, njoo asubuhi, nikiwa nimeshatoka.

Ndimi nduguyo,
Mzamil