Kishungi cha Mkia

3 Machi

Kwako baba yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mchanga umeingia hadi kwenye meno. Kazi ni ileile: asubuhi natoa panya mitegoni, napima mkia, sikio na unyayo wa nyuma, kisha nakata kipande kidogo cha sikio kwa ajili ya vinasaba. Cheka tu! Panya wangu wana mikia mirefu kuliko wa mwaka jana, waliopimwa na mwenzangu aliyenitangulia. Bosi wangu, Daktari, anasema hii ni aina mpya kabisa. Ripoti ikikamilika atanisainia kazi yangu ya shahada, nami Juni niko nyumbani. Magari yote ya huku jangwani ni yake, hata lori la maji linalobeba barua hii.

Binti yako

21 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia wamenipangia upasuaji tarehe 25 Juni. Nikichelewa, wanasema halitaokoleka. Wanataka mtu wa familia atie sahihi, na mimi nina nani zaidi yako? Juzi nilimshonea mwalimu suruali, mguu mmoja mrefu. Akaivaa hivyohivyo, akaona aibu kuniambia! Hebu nieleze, huyo mwenzako alikuwa anapimaje? Maana mimi na mama yako, Mungu amrehemu, tulikuwa tunapima kiuno kimoja tunapata namba mbili. Yeye alipima juu ya shati.

Baba yako, fundi

16 Mei

Baba,

Shikamoo. Umenitia kiwewe! Nimefungua daftari la mwenzangu: aliishia pale nyama ya mkia inapoishia. Mimi nilipima mpaka ncha ya kishungi cha manyoya. Urefu wote ule ni nywele, Baba. Majibu ya vinasaba nayo yamekuja, ni panya yuleyule anayejulikana siku zote. Nikampelekea Daktari. Akafunga mlango. Majibu akayatia kabatini, akasema nitie sahihi vipimo kama vilivyo niende zangu. La sivyo nipime upya panya wote mia nne waliohifadhiwa stoo, na hakuna gari litakalonitoa mpaka nimalize. Nimebanwa. Nifanye nini?

Binti yako

4 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usishangae mwandiko, anayeniandikia ni jirani yetu fundi viatu. Tia sahihi. Ni panya, jamani! Nani atakuja kuuliza habari za mkia wa panya? Nataka kuuona uso wako kabla giza halijanifunga. Naogopa, ndiyo, nimesema.

Baba yako

9 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Sikutia sahihi. Mara tatu Daktari aliniwekea karatasi mbele, kalamu nikaishika, nikairudisha mezani. Kila atakayekuja kupima panya huku angefuata uongo wangu. Nilipokataa mara ya tatu, Daktari akaondoka siku ileile, na dereva wa lori la maji kaambiwa abebe barua tu. Nimefika panya wa mia na sita.

Nilimwandikia fundi viatu barua ya ruhusa akutilie sahihi badala yangu. Leo jibu lake limefika: ulikataa. Uliwaambia hospitali binti yako yuko njiani, ukakaa kwenye benchi mpaka wakafunga milango.

Fundi, wewe unayemsomea, tafadhali usiruke hapa. Baba, sikuwa njiani.

Binti yako