Machozi ya Mlangoni

Kwako dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko kwenye kozi yako, zamu za hospitali zimepungua na miguu imepata nafasi ya kupumzika. Sisi huku hatujambo. Binti yako anakula vizuri na analala vizuri, tena amerefuka mpaka sketi ya shule tuliyoinunua mwanzo wa mwaka inaishia juu ya magoti, na mwalimu wake wa darasa akaniandikia kijibarua. Nimeteremsha pindo kwa mkono, mshono umekwenda kombo kidogo, lakini haonekani mtu wa kuchekwa. Mimi mwenyewe ni mzima wa afya, na kichwa changu ni kilekile unachokijua, hakijalainika.

Najua unajiuliza kwa nini leo naandika badala ya kupiga simu kama kila Jumapili. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza, na ninayotaka kukuambia lazima uyapate yote. Ya pili utaikuta mbele. Ila jua tangu sasa kwamba Jumamosi ya wiki ijayo tunaonyesha filamu zetu za kumaliza chuo, mbele ya walimu, wazazi na watu wa studio wanaokuja kuchagua wa kuwaajiri, na filamu yangu haiingii ukumbini bila ruhusa yako. Kwa hiyo tafuta kiti ukae, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Nianze na mazuri, maana yapo mengi. Dada, mdogo wako ameiva. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nashika kamera kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa jirani, leo naingia chumbani na kabla sijavua viatu nimeshajua nuru inatoka wapi na nimkalishe mtu upande gani. Kazi ya mwisho tuliyopewa ilikuwa filamu fupi kuhusu mtoto anayevuka kuingia ukubwani. Wenzangu wengi walikimbilia mapenzi ya kwanza na ugomvi na baba. Mimi nikatunga kisa cha msichana wa miaka kumi na mitatu anayekabidhiwa ufunguo wa nyumba kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mama yake amepata kazi ya mchana kutwa. Hakuna anayekufa humo wala anayetoroka. Mtoto anakwenda shule, anacheza, anarudi, na siku moja anasimama mlangoni na kuelewa kwamba hakuna mtu ndani atakayekuja kumfungulia. Basi. Na huyo msichana, kama ulivyokubali mwenyewe kwenye simu, aliigizwa na binti yako.

Mwalimu wetu wa uhariri tunamwita Mkasi, na si kwa sababu ya kazi yake tu, mdomo wake pia unakata. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kosa la watu wazima ni kumpiga picha mtoto kutoka juu, wakaonyesha utosi na mabega, vilevile wanavyomwona nyumbani wakimtuma dukani. Nikashusha stendi ya kamera mpaka usawa wa macho ya binti yako, nikafanya kazi siku nne nikiwa nimepiga magoti, nimejifunga vitambaa vya magotini kama fundi vigae. Akanifundisha kukata picha kabla tendo halijaisha. Mkono ukishashika kitasa, usisubiri mlango ufunguke, mtazamaji si mjinga, keshajua milango hufanya nini. Akanifundisha pia kuiacha sauti itangulie, yaani bado unamwona mtoto yuko barabarani lakini tayari unasikia maji ya bomba la jikoni kwao, na moyo wako unafika nyumbani kabla yake.

Jambo lililomfurahisha binti yako kuliko yote ni ukimya. Usicheke. Kila tunapomaliza kurekodi mahali, sote tunanyamaza dakika nzima ili mwenzetu wa sauti, tunayemwita Sikio, arekodi ukimya wa chumba kile. Kila chumba kina wake, na usipouchukua, kwenye kuhariri panabaki tundu pale unapokata maneno. Tulijaribu jikoni kwangu mara tatu, na mara zote tatu binti yako aliangua kicheko, akatuambukiza. Sikio alitishia kuturekodi tukiwa tumelala.

Makosa hayakukosekana. Kwenye kisa mtoto anaanguka na kujeruhi goti, basi siku ya pili nikambandika plasta goti la kushoto, siku ya tatu nikambandika la kulia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona mpaka tulipokaa mezani kuhariri. Mkasi alinipongeza kwa kugundua plasta inayotembea. Nilihangaika na mkanda ule siku mbili, nikabana picha zote kuanzia kiunoni kwenda juu, mpaka magoti yakapotea kabisa, na ukiitazama sasa hutajua kitu. Nilijiona fundi. Kwa kweli ni fundi.

Na binti yako je? Dada, mtoto ana kipaji, sisemi kwa kuwa ni wetu. Ana yale macho yako ya kumtazama mgonjwa anayekataa dawa. Ukimwambia atembee, anatembea kama anakwenda mahali, hatembei kama anayetazamwa. Watu wa darasa letu walianza kuja kumwangalia, wakamsifu, wakanisifu na mimi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sasa nitakuambia nilivyolitia maji langu.

Ilibaki sehemu ya mwisho, ile ya mlangoni, ambapo mtoto anatakiwa kulia. Tuliirekodi kwenye ujia wa nje ya chumba changu, ghorofa ya pili, saa kumi jioni, saa ambayo jua hupenya dirisha la ngazi na kuupaka mlango wote kwa muda wa nusu saa hivi, kisha basi. Binti yako hakuweza kulia. Tulimpa kitunguu akapiga chafya. Nikamwambia afikirie jambo la huzuni, akafikiri kwa bidii mpaka akaonekana kama mtu anayetafuta jibu la hesabu. Nuru ilianza kuteremka kwenye ubao wa mlango. Sikio alitakiwa kurudisha vyombo chuoni kabla ya saa kumi na moja, na kesho yake vilikuwa zamu ya kundi jingine.

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi kwanza, ndipo nikamwendea. Naitaja hiyo kwanza kwa makusudi, maana nisipoitaja nitaweza kukuambia kwamba maneno yaliniponyoka. Hayakuniponyoka. Nilichuchumaa karibu yake nje ya picha, nikamwambia kwamba umenipigia simu, kwamba kozi yako imeongezwa mwaka mwingine, na kwamba umesema ni heri abaki hukuhuku kwangu, huwezi kuja kumchukua.

Hakupiga kelele. Alinitazama kidogo, akauliza kwa sauti ndogo kama ulitaka kuzungumza naye. Nikamjibu hapana. Hapo akaugeukia mlango, akaegemeza paji la uso kwenye ubao, na akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia akilia tangu alipokuwa wa kubebwa mgongoni. Nami, dada, nilirudi kwenye kamera nikaivuta picha ikamkaribia zaidi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu naijua urefu wake. Kwenye mashine ya kuhariri kila kipande huandikwa muda wake, na huwezi kubishana nao. Kwa dakika mbili na sekunde kumi na moja nilimwacha mtoto wako aamini kwamba umemtupa. Hata hivyo si mimi niliyekoma. Ni Sikio aliyevua vipokea sauti vya masikioni, akasema inatosha, kwa sauti ambayo hajawahi kuitumia kwangu.

Nikamkimbilia, nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia ni uongo, mama yako hajasema hivyo, mama yako anakuja kukuchukua tarehe ileile aliyokuahidi. Alipangusa uso kwa mkono wa shati. Akauliza mara moja tu kama ni kweli unakuja, nikasema ndiyo, akasema sawa. Kisha akanitazama mpaka nikatamani anizabe kofi. Akachukua mkoba wake, akafungua mlango, akaingia, akatufungia nje pamoja na vyombo vyetu. Kwa siku tatu baada ya hapo alinijibu kwa ndiyo na hapana tu.

Nitakuwa mwongo mara ya pili nikisema nilijuta jioni ile. Nilifurahi. Nilijua nimepata picha ambayo hakuna mwingine darasani anayo. Nilimpelekea Mkasi, akaitazama mpaka mwisho. Halafu akaniuliza niliipataje. Nikamweleza kwa majivuno kabisa, kama mtu anayesimulia alivyopata kiti cha mbele. Akauliza kama mama wa mtoto anajua. Akaniambia yeye hanipangii namna ya kukata filamu yangu, lakini yenye kipande hicho haitaingia ukumbini mpaka mama amejua kilivyopatikana na amekubali. Nilimbembeleza, nikamwambia wewe uko mbali na una kazi nyingi. Akaniuliza kama huko ulipo hakuna posta.

Aliyemaliza ubishi wangu alikuwa binti yako mwenyewe. Jumatano alipotoka shule alikuja mpaka chumba cha kuhariri, akavuta kiti, akasema anataka kuona. Nilimwonyesha. Alijitazama akilia mpaka mwisho, mikono imelala mapajani. Nilipotaka kuzima akaniuliza mbona pale chini ya skrini kipande kinaendelea. Dada, siku ile kwa haraka ya kumkimbilia niliisahau kamera ikiendelea kurekodi, na mimi mwenyewe sikuwahi kutazama zaidi ya machozi, kwa kuwa nilichokitaka nilikuwa nimeshakipata. Tukatazama wote wawili. Mgongo wangu unaingia kwenye picha, mgongo wa mtu mzima aliyepiga magoti, na juu ya bega langu unaonekana uso wake akinisikiliza nikikiri. Unauona uso ule ukibadilika. Unaanza ukiwa wa mtoto na hauishii hivyo.

Alinitaka nikirudishe nyuma kipande kile mara tatu. Kisha akaniambia, bila hasira, kwamba yale machozi ni yake yeye na mama yake, sina haki nayo, niyatoe. Lakini hapa anaponitazama nami nashindwa kumtazama, hapa naweza kupaweka, kwa sababu kama nilitaka kuonyesha mtoto anavyokua, ni hapa. Mimi mwenye miaka miwili ya chuo nilikaa pale nikifundishwa kazi na mtoto wa darasa la saba.

Niliyatoa machozi. Nikakata kutoka mkono wenye ufunguo moja kwa moja hadi uso ule, nikaondoa maneno yetu yote, nikaweka ule ukimya wa ujia aliourekodi Sikio siku nyingine. Filamu ni bora kuliko ilivyokuwa, na hilo nalisema kwa kifua mbele. Mkasi aliitazama mara mbili, akaniuliza ni nani aliyekata mwisho ule, nikamwambia ukweli.

Sasa sababu ya pili ya barua. Binti yako ameweka masharti. Kwanza, nikuandikie kwa mkono wangu na nisiache kitu. Pili, aisome kabla sijaifunga bahasha. Tatu, ukijibu, usinijibu mimi, umjibu yeye. Nilimuuliza kama wewe ukikubali ionyeshwe, naye atakubali. Akasema atajua akishasikia kutoka kwako. Ukikataa, nitasimama mbele ya ukumbi niwaambie sina filamu, na nitaanza nyingine kesho yake, kazi naiweza na watu wa studio watakuja tena mwakani.

Nisamehe, dada. Uliniachia mtoto akiwa na hofu moja tu duniani, ukanieleza hofu yenyewe stendi kabla hujapanda basi, ukaniomba niwe naye mwangalifu hasa hapo. Nami nilipohitaji machozi nilijua pa kwenda kuyachota. Hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe, kwamba sikubahatisha.

Barua hii naikabidhi kwa Sikio, anakuja huko kesho kumwona shangazi yake, na atakungoja getini hospitalini mpaka utoke zamu. Ni kijana mwema, mpe chai. Nisalimie wenzako wa kozi, hasa yule mwenye sauti nene anayepokea simu yako. Jitunze, usilale na njaa, na mgongo ukikusumbua usijidai chuma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiherehere

Mama, shikamoo. Nimeisoma yote na ni kweli. Alitaka kufuta pale alipoandika kwamba alifurahi, nikamkatalia. Mambo ya filamu tutaongea baadaye. Kwanza niambie wewe mwenyewe: unakuja tarehe ileile?