Mama Yako Alikuwa Hajaambiwa

Zuhura, shoga yangu,

Nimechoka. Nakuambia hivyo hivyo bila kukujulia hali, maana wewe ndiye uliyekuwa ukichukia salamu ndefu.

Tangu tukuzike hapa Bigwa, mama yako alikuwa hajaambiwa. Kaka yako Hamisi ndiye aliyeamua: mama ana presha, mvua imeharibu barabara ya Kinole, tutamwambia taratibu. Majirani zake kule juu milimani nao wakaombwa wanyamaze. Mimi nikapewa kazi ya simu, kwa kuwa sauti yangu ameizoea. Kila akipiga nilimwambia uko semina Dodoma, mtandao unasumbua. Akinituma nikusalimie, naitikia. Halafu nakaa jikoni na simu mkononi, sina nguvu hata ya kumenya kitunguu.

Shuleni wamenipa vipindi vyako vya Kiingereza. Kidato cha tatu wanataka niwafundishe kama wewe, neno moja na ukoo wake kabla ya somo. Nikajaribu. Nikawaambia frank lilianzia kwa Wafranki, watu walioiteka nchi ambayo leo ni Ufaransa. Wao ndio waliokuwa huru pale, basi jina lao likawa la uhuru, na baadaye likawa la mtu anayesema bila woga. Candid, msema wazi, ni weupe kwa Kilatini, na waomba kura wa Roma walivaa nguo nyeupe, ndipo likaja candidate. Wewe hapo ulikuwa unaongeza lako kuhusu wagombea wetu, mimi nikaruka. Curt, mwenye majibu ya mkato, ni kilichokatwa kikawa kifupi. Kisha binti mmoja akauliza kuhusu blunt, jina walilokubandika wewe. Nikakumbuka ulivyokuwa ukilikataa. Asili yake haijulikani vizuri, ulisema, ila lilikuwa la mtu mzito wa akili, likawa la kisu butu, ndipo likamfikia msema kweli. "Mimi butu? Waulizeni niliowaambia ukweli kama hawakuvuja damu." Nikawapa zoezi, nikatoka nje.

Na kweli ulikuwa unatukata. Mbele ya mawifi zangu ulisema pilau langu ni uji wenye bizari. Lakini hukuwahi kunidanganya, Zuhura, na mimi nilikuwa namdanganya mama yako kila alipopiga.

Jumapili nikapanda Kinole, sikumuaga Hamisi. Njia nzima nilikuwa nachagua maneno kama mtu anayebonyezabonyeza nyanya sokoni. Nilimkuta anaanika karafuu. Shikamoo ilinitoka, yaliyobaki yakagoma. Mwishowe nikasema tu, "Mama, Zuhura amefariki. Tumeshamzika."

Hakuanguka kama alivyohofia kaka yako. Alizidi kuzitandaza karafuu kwenye mkeka, polepole, kisha akaniuliza, "Nani alimuosha mwanangu?"

Nikamwambia ni mimi na shangazi zako. Akauliza kama maji yalikuwa ya vuguvugu, kwani tangu utotoni ulikuwa unaogopa baridi. Nikasema ndiyo, na ilikuwa kweli, namshukuru Mungu kwa hilo. Ndipo akalia. Akasema presha ni yake na mtoto ni wake, sasa sisi nani alituruhusu kumchagulia?

Hamisi hasemi na mimi. Ananipita msibani kwa watu kama hanioni, na mimi sina tena nguvu ya kugombana.

Jumamosi napanda kumchukua mama. Tutashuka kwa mwendo wake, nitamshika mkono mpaka kaburini kwako, halafu nitasogea pembeni niwaache. Pumzika, shoga yangu. Kwa kila aliyelia hapa tulisema nyamaza, nyamaza, inatosha. Yeye akilia, nakuahidi, hakuna atakayemwambia anyamaze.