Zamu Yetu ya Kona Mbaya

Jumatano, 5 Machi

Nimepata kadi! Ya plastiki, ina picha yangu nimekaza uso kama mtu anayedaiwa. Mwanachama kamili wa Chama cha Wafanyakazi wa Bustani na Viwanja vya Burudani. Miaka yote hii nakata nyasi, napaka mbembea rangi, nafukuza mbwa kwenye bwawa la samaki — kumbe hii ni fani, ina chama, ina mwenyekiti, ina mhuri!

Nimeiweka mezani wakati wa chai. Mume wangu, fundi cherehani, kaitazama mbele na nyuma kama anakagua pindo. Kasema mheshimiwa akitaka sukari aagize tu. Mama mkwe kauliza, kufagia majani nako kuna chama? Nikamwambia kipo, mama, tena kinachagua watu. Kacheka. Lakini kadi hakuirudisha haraka.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano wangu wa kwanza. Nimeumbuka!

Chama kina desturi yake. Kila mwezi wanakutana kwenye bustani ya mwanachama mmoja, na kabla ya kikao mwenyeji anawapeleka wenzake kwenye kona yake mbaya kuliko zote. Mbaya, si nzuri! Wote wanavaa glavu wanaitengeneza pamoja. Ndipo chai, ndipo agenda. Mimi nani kaniambia? Nimefika na viatu vya harusini, nikamshika mwenyeji mkono: hongera, maua yako yanapendeza kweli. Wote wakanigeukia. Halafu kicheko!

Mwenyekiti ni mama mmoja mwokoaji wa bwawa la kuogelea, sauti yake haihitaji filimbi. Kaniambia hapa hatusifiani maua, maua hata mpita njia anayaona.

Pabaya pao palikuwa mtaro ulioziba nyuma ya choo. Tumezibua mpaka maji yakapita. Mwenyeji, mzee mwenye mvi, alisimama anajifuta macho kwa kiwiko, anasema ni jasho. Viatu ndiyo basi tena. Sijawahi kufurahi hivi kazini.

Jumapili, 16 Machi

Kiuno hakinyanyuki. Mama mkwe kawatangazia majirani kwamba mkwe wake alikuwa kwenye mkutano wa kitaifa. Sikumsahihisha.

Alhamisi, 10 Aprili

Zamu ni yetu! Mwenyekiti kapiga simu mwenyewe: mwezi huu chama kinakuja kwako. Nimecheza peke yangu stoo, na reki mkononi. Halafu nikaikumbuka kona.

Hata sihitaji kuwaza ni ipi. Uwanja wa watoto wadogo. Chini ya mtelezo, pale wanapotua, mchanga umeondoka wote na mvua, ardhi imekuwa ngumu kama sakafu. Ngazi nayo inacheza. Meneja alipazungushia mabati mwaka jana, akaweka kibao: UKARABATI. Ukarabati wa nani? Mchanga mpya uko nyuma ya stoo, umelala tu, umeota majani. Ofisi kuu alishawaambia kazi imekwisha, kwa hiyo hataki mtu aonekane anabeba mchanga. Nimeomba, nimekatazwa. Nimeomba tena, nimekatazwa tena.

Na watoto ni watoto, wanapenya chini ya mabati. Jana nimemtoa mmoja, goti linavuja damu, bado anataka kurudi.

Jumatatu, 14 Aprili

Meneja kaniita ofisini. Kanikaribisha kiti! Hajawahi kunikaribisha kiti.

Kafurahi mno, wageni wa heshima wanakuja kwenye bustani yake. Mkurugenzi kutoka ofisi kuu atakuwepo na mpiga picha. Niwapeleke kwenye duara la waridi. Nikamweleza desturi yetu. Akacheka — kwa hiyo mnatembeleana ili muonyeshane uchafu? Kisha akapunguza sauti: jina langu ameshalipeleka kwa nafasi ya msimamizi wa zamu, asingependa kwenda kulirudisha.

Msimamizi. Naitaka nafasi hiyo, sitajidanganya. Nimeitaka tangu kabla binti yangu hajazaliwa. Na naiweza! Nimetoka ofisini nikaenda kupogoa ua mpaka likabaki vijiti.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimemwambia mume wangu. Alikuwa anafumua suruali ya mteja. Kamalizia mshono mmoja kwanza. Kisha kasema mteja anaangalia nguo kwa nje, fundi mwenzio anaigeuza ndani. Nikamuuliza, kwa hiyo? Kasema yeye hana kwa hiyo, kazi ni yangu na chama ni changu, ila nimpe ovaroli ashone mfuko uliochanika, mheshimiwa hasimami mbele za watu hivyo.

Mama mkwe alikuwa anatusikiliza kutoka chumbani. Kapaza sauti: na mjukuu wangu atateleza wapi, kwenye waridi?

Jumamosi, 26 Aprili

Asubuhi. Nimefika kabla mlinzi hajamaliza zamu. Nimechukua spana. Bolti zina kutu, moja imenichana kidole. Bati la kwanza, la pili. Mlinzi ananiangalia tu. Kauliza, meneja anajua? Nikamwambia atajua. Akalaza rungu chini, akashika bati upande wa pili.

Mabati yote chini. Kibao nimekiacha. Leo kitasema kweli kwa mara ya kwanza.

Baadaye. Naandika stoo, nimesimama. Mwenyekiti kanituma sepetu na siwezi kutoka bila kuandika hili. Meneja anahutubia, na hotuba zake nazijua, muda ninao.

Wamekuja wengi! Mume wangu kanyoosha shati mpaka kola inakata. Mama mkwe kakalia kiti cha mbele ambacho si chake, kampakata binti yangu. Meneja kaingia na mkurugenzi kwa lango kuu, moja kwa moja hadi kwenye waridi, akajipanga kwa picha. Uwanja wa watoto kaupa mgongo. Hajauona. Wengine wote wanauona.

Mwenyekiti aliniangalia. Nikamwonyesha kwa kidevu: kule. Sikuangalia chini, sikuuma maneno. Nimewaletea fani yangu nzima, na pabaya pake. Akatoa glavu mfukoni, akavaa. Akafuata yule mzee wa mtaro. Sasa wanavaa wote, mstari mzima, kimya kimya, hotuba inaendelea. Nawaona kutoka dirishani. Naogopa na najivuna, vyote kwa pamoja!

Binti kateremka mapajani kwa bibi yake. Anakimbilia mtelezo, bibi hamwiti. Mzee mwenye mvi kashaanza kutembea nyuma yake.

Meneja kaziona glavu. Kafurahi! Anadhani ni za waridi. Anasema hawa ndio wataalamu, hawaogopi miiba. Anamwambia mpiga picha ajiandae, anamshika mkurugenzi mkono ampeleke mbele. Sasa anageuka —