Posa ya Kutoka Bergen

Bergen, Norway
11 Oktoba 1964

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi Shaikha na goti lake. Mimi sijambo, ila mvua ya huku haina adabu. Inanyesha asubuhi, inanyesha mchana, na ikichoka inanyesha kidogokidogo. Tangu nisikie mmefika Maskati salama ndipo nalala. Baada ya yale ya Januari huko Unguja nilikuwa hata kula sili.

Chuo kinakwenda, mikono yote inanuka mafuta ya mashine. Lakini sikiliza: nimepata wa kuzungumza nae Kiswahili! Anaitwa Rahila, mtu wa Wete, anasomea ukunga. Nilikuwa soko la samaki, nikasikia mtu anamwambia muuzaji wa Kizungu, "Huyu kaoza, usinitanie!" kwa Kiswahili safi. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kuegemea.

Tangu hapo kila Jumapili tunauzunguka mji. Umezungukwa na milima, na kuna gari linavutwa kwa kamba ya chuma mpaka kileleni. Rahila alipanda kafumba macho, anasoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, Wazungu wanamkodolea. Juu tulikaa tukagombana upi upande wa kwetu. Yeye anasema kule, mimi nasema kule. Hatuna pa kurudi, Mama, lakini ugomvi ule ulinituliza roho.

Mama yake Rahila yuko Matrah, karibu na hapo mlipo, Bi Masouda. Unamjua?

Mwanao,
Mahfoudh


Maskati
20 Desemba 1964

Mwanangu Mahfoudh,

Waalayka ssalaam. Barua yako imekaa njiani mpaka imeota mvi. Mimi sijambo. Shangazi yako mdomo wake mzima, goti ndiyo vile vile. Tuna chumba kimoja ndani ya ukuta wa mji. Usiku ukiingia milango inafungwa, na ukitoka usiku sharti uwe na fanusi mkononi. Watu wa hapa wanatuita Waswahili. Unguja tuliambiwa Waarabu, huku Waswahili. Basi tukakae wapi, baharini?

Masouda nisimjue! Alikuwa jirani yetu Kajificheni, ukuta kwa ukuta, nilipokuzaa wewe. Kisha mumewe akahamishiwa Wete, hatujaonana tena. Nikipata wa kunichukua ntakwenda Matrah kumtazama.

Na huyo binti yake, mbona kila mstari yumo? Nakuuliza masomo, unanijibu Rahila kafumba macho. Mama yako si mtoto.

Mimi mama yako,
Nasriya


Bergen
2 Mei 1965

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hali yangu njema, na zako nazitaka.

Umenikamata, basi nisikuzungushe. Namtaka Rahila, na yeye ananitaka. Lakini kanambia wazi kwamba hataki ndoa ya kutia sahihi na kukata keki. Anataka posa itoke kwako iende kwa mamake, kama inavyotakiwa. Nenda kaniposee, Mama. Tukipata neno lenu tutatafuta sheikh, hata ikiwa ni kumfuata London.

Jumapili iliyopita tulipita mtaa wa nyumba za mbao, zimeegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Juu ya duka la viatu tukaona chumba kinapangishwa, dirisha linatazama bandari. Rahila akatoa kanga mkobani akalipima dirisha. Nikamwambia, hata kuposwa hujaposwa, unapima mapazia? Akanijibu, "Kupima si kununua."

Sijapata kuwa na furaha hivi. Fanya haraka.

Mwanao,
Mahfoudh


Maskati
14 Julai 1965

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kaa kitako kabla hujaendelea kusoma.

Tulikwenda Matrah Ijumaa, mimi na shangazi yako, na halwa na udi na kitambaa cha hariri. Masouda alipotuona alilia, nikalia, tukacheka. Hatujamaliza kusema tulilojia, keshapiga kigelegele. Kisha akasema kwa furaha, wallahi kwa furaha: "Nani wa kumkatalia Mahfoudh? Mwanangu mwenyewe huyo, kanyonya ziwa langu hili!"

Shangazi yako akaweka kikombe cha kahawa chini. Masouda akaendelea kucheka peke yake, kisha nikaona uso unambadilika.

Nilipokuzaa nilishikwa na homa, sijijui sijitambui. Marehemu bibi yako aliniambia alikulisha maziwa ya ng'ombe kwa pamba. Kumbe alikuwa anakupeleka kwa Masouda, aliyekuwa na kichanga chake, na akamkataza asinambie, nisijione mama nisiyefaa. Masouda akanyamaza miaka yote. Siku ile raha ilimzidi, ikamtoka.

Aliyekunyonyesha ni mama yako, mwanangu, na wote aliowazaa ni ndugu zako. Rahila dada yako. Haramu kwako milele.

Tulirudi na halwa yetu. Sijui nikupe pole gani.

Mama yako


Bergen
30 Agosti 1965

Mama,

Assalaam alaykum.

Rahila kapata barua ya mamake siku moja na mimi. Tulikutana darajani, kila mmoja na yake mkononi.

Nimefikiri. Sisi Waibadhi twasema hata tone moja la maziwa linaharamisha ndoa. Lakini kina Rahila ni Washafii, na kwa madhehebu yao haramu inaanzia kunyonya mara tano kwa kushiba. Muulize Bi Masouda mara ngapi. Muulize vizuri, Mama, mpe nafasi akumbuke. Zikiwa nne, mimi kuanzia leo ni Mshafii. Mungu ni mmoja na Mtume ni mmoja.

Sijapata kukulilia kitu tangu utotoni. Hiki nakulilia.

Mahfoudh


Maskati
5 Novemba 1965

Mwanangu,

Salamu. Nilikwenda peke yangu, shangazi yako sikumwambia.

Nikamwuliza Masouda. Akasema ilikuwa wiki nzima, usiku na mchana, mpaka homa iliponiachia. Nikamwambia, "Sema nne. Bibi yake kafa, mimi nilikuwa sijitambui. Nani mwengine anajua?" Nilimshika miguu, Mahfoudh. Mimi huyu, ninaewasema watu kwa kuchelewa sala.

Alilia kunishinda. Akanambia, "Nasriya, Rahila ndiye mtoto pekee niliyebakiwa nae. Unadhani mimi sitaki? Lakini nikisema nne, Mungu hakuwepo?" Nikamwachia miguu.

Nilirudi milango ya mji inataka kufungwa, nusura nilale nje. Usimchukie. Bila ya ziwa lake ungekufa, na mimi leo nisingekuwa na mwana wa kumvunja moyo.

Mama yako


Maskati
9 Machi 1967

Mwanangu Mahfoudh,

Assalaam alaykum. U hali gani? Naandika hii ya ngapi, sihesabu tena. Natuma chuoni, labda wataipeleka ulipo.

Masouda kanambia umeondoka Bergen, umeingia melini. Rahila yuko pale pale, anazalisha wanawake wa Kizungu. Jumapili hatoki, asema mji umemchosha.

Sitaki maneno mengi. Andika jina lako kwenye karatasi utie posta. Hilo litanitosha.

Mama yako


Maskati
3 Septemba 1970

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Anwani ya meli nimeipata kwa Rahila. Kumbe yeye ulimwachia, mimi hukuniachia. Haya.

Tumepata sultani mpya na nchi imefunguliwa, mwanangu. Milango ya mji usiku iko wazi, watu wanatembea bila ya fanusi, na walioko nje wanaitwa warudi. Shangazi yako hakujaaliwa kuiona siku hii. Alifariki mwezi wa Mei, muombee rehema.

Lililonifanya niandike ni hili. Rahila kaposwa. Mchumba mwenyewe anaitwa Ishaq, mtoto wa kwetu Unguja, kaajiriwa serikalini, mtu mpole. Wawili wa kwanza aliwakataa, huyu kamkubali. Masouda hataki Rahila asafiri njia yote hiyo peke yake. Anataka aje na maharimu, mwanamume ambae hawezi kumuoa. Baba na kaka yake walikufa Januari ile. Huko aliko maharimu wake ni mmoja tu, ndugu yake wa ziwa.

Nilimwambia hilo siliandiki. Akasema, "Basi ntaandika mimi." Nikaona bora ulipate kwa mkono wangu. Kataa, mwanangu. Kataa, na mimi ntasema barua haikukufikia.

Mama yako


Bergen
10 Oktoba 1970

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Mungu amrehemu shangazi. Barua imenifika, usiseme haikufika. Nisamehe kimya changu. Kila nikianza kukuandikia, nikifika pahala pa kusema sijambo, kalamu inakataa.

Niko Bergen tangu juzi. Rahila alinipokea stesheni. Tukafanya tulichokizoea, tukatembea. Mvua ikazidi, tukajibanza kwenye mlango wa duka, akavua mtandio aukamue maji. Mama, Jumapili zote zile sikupata kuziona nywele zake. Nikageuza uso. Akanambia, "Tazama tu, Mahfoudh. Kwako si haramu." Zimeanza mvi kidogo mbele. Nililia pale pale, mtu mzima, na yeye akalia, na watu wakapita na miamvuli yao.

Tunaondoka wiki ijayo kwa ndege, kupitia London na Bahrain. Ntamfikisha mpaka mikononi mwa mamake. Ntakaa harusini na Ishaq ntampa mkono. Wakiuliza mimi nani, waambie kaka wa bibi harusi. Harusi ikimalizika ntarudi melini. Usinizuie, Mama, hapo sitaweza kukaa.

Msomee Bi Masouda barua hii, isipokuwa hapo penye nywele. Mwambie sina kinyongo nae. Mwambie mwanawe anamsalimu.

Mwanao, na wake,
Mahfoudh