Mkono Usio na Mstari

Bi Ersilia, mshauri wetu wa gazetini, naomba unisaidie, kichwa kimegoma na hapa sina mtu wa kumweleza. Mimi ni wa milima ya Piemonte, Italia, huu mwaka wa kumi niko hapa Juan-les-Pins, pwani ya Ufaransa, nakokota mwani ufukweni na kuwatandikia magodoro wageni wa hoteli. Nilipofika, kiangazi hoteli zilifungwa kabisa, matajiri walikuja wakati wa baridi tu, na hata hapo mabibi walitembea na miavuli na glavu wasiguswe na jua, na sasa, Bi Ersilia, wanakuja Julai mchanga ukiwaka kama tanuri, wanavua karibu kila kitu, wanajipaka mafuta, wanalala kama samaki wa kuanikwa, asubuhi tumbo, mchana mgongo, ili wapate rangi hii hii niliyoipata mimi kwa jembe bila kuiomba. Sijaona ajabu kama hii. Yuko Bibi Lavergne, kila asubuhi anaweka mkono wake kando ya wangu, anapima, kisha anaguna, “Bertu, bado unanishinda, jitu wewe!” Wenzake wanacheka, nami nasimama na reki yangu nisijue nicheke au nivue kofia, maana mama mkwe wangu alininyima binti yake miaka miwili kwa sababu ya shingo hii iliyoungua.

Tabu ni binti yangu Delfina, anayefua mashuka hotelini. Amechumbiwa na Secondo, mtoto wa mwenye kinu cha unga kijijini kwetu, na wanapendana kweli. Kwetu, kabla ndoa haijatangazwa kanisani, mama wa bwana harusi humwita msichana, humpandisha mkono wa gauni hadi begani, na kutafuta mstari wa jua, pale ngozi iliyoungua inapokutana na ile iliyofunikwa na nguo. Ukiwa kwenye kifundo cha mkono, msichana ni wa ndani. Ukiwa kwenye kiwiko, ni wa jembe, watasema lakini ataolewa. Sasa Jumapili nilimkuta Delfina nyuma ya miamba amelala juani na wasichana wa kufulia, mabega wazi.

“Jifunike! Mama Secondo atasema nini?”

Akafungua jicho moja. “Baba, mabibi wote wanafanya hivi.”

“Wewe si bibi!”

“Nikiwa nimelala hapa, nani anajua?”

Akanyoosha mkono, nikaona ni wa kahawia mpaka begani, hauna mstari popote, na Mungu anisamehe, ulikuwa mzuri. Lakini kijijini mkono usio na mstari una maana moja tu, kwamba msichana alivua nguo mbele za watu. Mwisho wa mwezi huu anaitwa. Nimsugue kwa ndimu? Niseme anaumwa? Au nivunje uchumba mwenyewe kabla hawajatuaibisha?

Baba Delfina

*

Baba Delfina,

Pole, kisha nikugombeze. Acha ndimu, utamchubua mtoto bure. Na ukivunja uchumba wa watu wanaopendana kwa sababu ya bega, usiniandikie tena.

Mshangao wako ninao na mimi. Bibi yangu alijipaka poda ya mchele ili aonekane hajawahi kutoka nje. Kisha viwanda vikameza watu, wakatoka weupe kama viazi vya ghalani. Madaktari nao wakaanza kuwalaza wagonjwa wa kifua juani. Na ghafla weupe ukawa rangi ya mtu asiye na nafasi ya kupumzika. Matajiri wakaukimbia. Jua ni lile lile, ndugu yangu. Kilichohama ni heshima, na imehama wewe ukiwa umeinama na reki. Huenda ikahama tena. Usimkimbize binti yako kuifuata.

Fanya hivi. Delfina amwambie Secondo leo, kwa maneno yake, kwamba alilala juani na wasichana wenzake, basi. Kijana akisita, heri mjue sasa. Asiposita, nenda na binti yako siku hiyo, usimtume peke yake kama kifurushi. Mama Secondo akipandisha mkono wa gauni na kuanza kutafuta, kunja shati lako mpaka begani, weka mkono wako kando ya wa mwanao kama anavyofanya yule bibi wako wa ufukweni, na umwambie: “Mama, mstari unaoutafuta uko hapa kwangu. Niliuvaa mimi ili yeye asiuvae.”