Uji Niliompelekea Mutinda

Baba Mutinda,

Pokea salamu zangu mimi mke wako. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yanalia nikipanda kutoka mtoni. Susu mama yako hajambo, macho yamepungua lakini mdomo uko vile ulivyouacha. Mwende hajambo huko Kibwezi alikoolewa, mumewe hajambo, na katoto kao kameota meno ya chini na kananiuma nikikanyonyesha kidole. Kyalo hajambo, anaenda shule, viatu vyako vinamtosha sasa. Ng'ombe hawajambo, yule mweusi alizaa ndama dume. Mbwa wako alikataa kula kwa muda mrefu, siku hizi anakula. Wenzetu wa kikundi cha mwethya wanakusalimu. Ule mtaro wa juu uliouachia katikati, walikuja na majembe yao wakaumaliza bila mimi kuwaita, na mvua iliponyesha maji yalikaa vizuri.

Umeshahesabu watoto wako ukaona mmoja sijamtaja. Nitamfikia. Yeye ndiye amenifanya niandike.

Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ile ngumbaru uliyokuwa ukinicheka nikienda, ukisema, "Enda shule mama, usisahau kusalimia mwalimu," hiyo ndiyo imenisaidia leo. Kama nimekosea, soma tu vile utaweza. Na mchungaji asijue. Yeye anasema wafu hawasikii, na akisikia nakuandikia atanitoa kwa chama cha akina mama.

Yaliyobadilika ni machache. Watu hawaniiti tena Mama Mutinda. Hakuna aliyekutana na mwenzake wakapatana hivyo. Siku moja sokoni Emali muuza nyanya alianza, "Mama Mu...," akameza mate, akasema, "Mama Mwende, angalia hizi, ni za leo." Tangu hapo ni Mama Mwende kila mahali, hata kanisani. Wewe bado nakuita vile nilikuwa nakuita.

Sasa Mutinda. Wewe uliondoka ghafla, hukuona yaliyofuata. Unakumbuka alivyorudi kutoka kazi Mombasa, haogi, halali, anasema redio yako inamtaja jina. Tukasema ni bangi ya marafiki, itamtoka. Tukaombewa. Halafu asubuhi ile akaniambia kuna mtu shambani amevaa uso wa baba yake, akabeba jembe akashuka. Nilifikiri anakuja kukusaidia kuchimba mtaro. Hayo mengine unayajua kuliko mimi. Lile hukuliona ni kwamba polisi walipofika walimkuta ameketi kando yako, ametulia kabisa, akawauliza, "Mmemwona baba yangu? Namngoja arudi, mwizi wa uso wake nimeshamtoa."

Walimpeleka Nairobi, kwa hospitali ya wagonjwa wa akili, upande ule uliofungwa ambako askari jela ndio wanakaa mlangoni. Huwezi kuingia na kisu wala kamba wala kitambaa kirefu. Mara ya kwanza nilivuliwa leso, nikaingia kichwa wazi kama mtu wa matanga.

Daktari wake ni kijana, si wa kwetu, kwao ni upande wa mlima. Nilimbebea kuku. Akakataa. Nikaumia, kwa sababu sisi mtu akikataa chakula chako amekuambia kitu. Akaona uso wangu, akaniketisha, akasema, "Mama, si madharau. Mimi hapa nina wakubwa wawili, Mutinda na jaji. Mutinda namtibu. Lakini korti ndiyo iliyonipa kazi ya kumwangalia, na itaniuliza. Kila kitu utaniambia kinaweza kutoka kwa mdomo wangu kule mbele. Kwa hivyo fikiria kabla ya kuongea."

Mimi tangu nizaliwe najua daktari ni mtu unamwambia hata yale humwambii mume. Sasa huyu ananiambia nifunge mdomo. Nilirudi na kuku wangu. Lakini nilipofika nyumbani na kumweleza Susu, alitafuna ugoro wake akasema, "Huyo ni mtu mzuri. Mwizi hakuambii ufunge mlango." Basi nikatulia.

Shida ilikuwa dawa. Mutinda alikuwa anatema. Alisema ni sumu ya wale wenye nyuso. Wauguzi wakimshika kwa nguvu na kumdunga sindano, anapigana mpaka wanaumia wao na yeye. Ndipo sista mmoja, muuguzi wa zamu, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri, akaniita kando. "Mama, wewe anakuamini. Leta uji. Tutasaga dawa tuweke kwa wake, wewe wako uwe mtupu. Onja wako mbele yake, mpe wake, atakunywa. Kwani hukulea? Hukuwahi kuficha klorokwini ndani ya asali?"

Nimeficha sana. Asali ya Kitui imemeza dawa nyingi kwa nyumba hii, na wewe mwenyewe nilikufichia mara moja ukiwa na malaria na ubishi. Lakini hili lilinikaa vibaya. Wewe unajua vile tulivyolelewa. Mwenye kibuyu anaonja kwanza ndipo anampa mgeni, ili mgeni ajue hajaletewa kifo. Hicho ndicho kitu kimoja Mutinda alikuwa bado anakumbuka kutoka kwetu. Mengine yote yalikuwa yamechanganyika, lakini kila nikimpelekea kitu anasema, "Onja." Sista alitaka nichukue hicho kimoja kilichobaki nikitumie kumdanganya.

Nilimuuliza daktari. Alikaa akizungusha kalamu. Akasema sista anataka kusaidia, na kuna wagonjwa wamesaidiwa hivyo, lakini Mutinda akija kujua hatamwamini mtu tena, mimi wa kwanza. Halafu akasema, "Na kuna lingine, nataka ulisikie kwangu, usilisikie kwa askari. Saa hii hawezi kusimama kortini, haelewi hata jaji ni nani. Akinywa dawa, akili itarudi. Akili ikirudi, mimi lazima niandike kwamba imerudi. Nikiandika, kesi itaanza. Na kesi yenyewe unaijua ni ya nini."

Nikamuuliza, "Na asipokunywa?"

"Atakaa hapa vile alivyo."

"Mpaka lini?"

Akafunga faili yake. Nikamwambia, wewe angekuwa wako ungefanya nini? Akasema, "Mama, usiniulize hilo." Nikamwambia, sasa ulienda kusomea nini miaka yote hiyo? Akacheka kidogo, lakini si cheko la raha.

Baba Mutinda, ningalikuuliza wewe. Nilitembea huko nje kwa uzio nikitafuta vile ungesema. Dawa ni kamba ya kunyongwa, na kukosa dawa ni shimo. Nikafikiria vile anavyolala pale chini akikwepa nyuso za watu, hajui mama yake ni mama yake siku nyingine. Nikasema hapana, hata kama ni kamba, afike akiwa Mutinda.

Nilipika uji wa wimbi kwa jiko la sista. Wakatia dawa ndani yake nikiona. Kikombe kilikuwa kimoja, sikutaka viwili. Nikampelekea, nikamwambia yote. Nikasema, "Huu una dawa ya daktari. Sijaficha. Ukinywa utapona, na ukipona watakupeleka kortini, na utajua mambo ambayo hujui saa hii. Mimi nataka unywe."

Akasema, "Onja."

Nikanywa. Si kuonja kwa mdomo wa juu, nilikunywa fundo la mtu mwenye kiu. Sista akapiga kelele, "Mama wewe!" Mutinda akaniangalia muda mrefu akingoja nianguke. Sikuanguka. Akachukua kikombe, akanywa mpaka chini, akafuta na kidole.

Kuanguka nilianguka baadaye. Basi ilipotoka Nairobi sikuona Emali, sikuona Kibwezi, nilikuja kuamshwa Kambu na makanga ananiambia, "Mama, kama unaenda kuoga bahari ungesema tukukatie tikiti ya Mombasa." Ulimi ulikuwa mzito kama kipande cha ngozi. Nikarudi kulala kwa Mwende. Alinicheka, halafu akalia, halafu akanipikia muthokoi. Mimi nilikuwa nawaza, kama fundo moja limenifanya hivi, mtoto wangu anabeba nini kila siku.

Alikunywa kila siku tangu hapo, hata nisipokuwa. Polepole akarudi. Mikono inamtetemeka, anatembea kama mtu aliyevaa gunia, lakini ni yeye. Siku aliyonisalimu kwanza kabla sijamsalimu, nilijua. Akaniuliza mko salama, akauliza Susu, akauliza Kyalo. Halafu akasema, "Baba amekataa kuja kuniona?"

Daktari alikuwa amesema atamwambia yeye kama mimi siwezi. Nilisema kuna maneno hayatumwi. Nikamwambia pale kwa benchi, maneno machache. Hakulia. Akauliza, "Ng'ombe wanakamuliwa na nani sasa?" Nikamwambia ni mimi. Akasema yule mweusi anataka aanziwe upande wa nyuma. Basi. Tukakaa hivyo mpaka kengele ikalia.

Daktari aliandika vile alisema ataandika. Kesi ikapewa siku. Wakili aliyepewa na serikali akasema ni rahisi, daktari ataeleza Mutinda alikuwa mgonjwa wakati ule, hakujua anampiga nani, na korti haitamnyonga, itamrudisha kwa ulinzi mpaka serikali iamue. Nikashukuru Mungu. Nikajua tumevuka.

Hatujavuka. Mwezi huu Mutinda ameniambia akipewa nafasi atamwambia jaji kwamba alijua. Alijua ni wewe, na akakupiga. Si kweli. Mimi nilisikia maneno yake asubuhi ile na polisi wakasikia. Nikamuuliza kwa nini unataka kujiua kwa mdomo. Akanijibu kwa utulivu ule wa dawa: "Mama, wakisema nilikuwa wazimu, basi baba aliuawa na ugonjwa. Sasa nani atamwomba msamaha? Ugonjwa hauna mdomo. Mimi nataka niwe ndiye niliyefanya, ndipo niweze kumwomba."

Nilimwambia Yesu husamehe. Akasema, "Yesu si yeye nilimpiga."

Nimeenda kwa daktari nikamwomba amkataze. Akasema yeye si wakili, hawezi kumfundisha la kusema. Nikamwomba apunguze dawa kidogo tu mpaka kesi ipite, arudi kuchanganyikiwa, wamwone vile alivyokuwa. Macho yake yakawa mekundu. Akasema, "Mama, siwezi kumfanya mtu mgonjwa ili ashinde kesi. Nitasema ninayoyajua kuhusu siku ile. Zaidi ya hapo sina." Sikumkasirikia. Yeye amebaki mahali pale pale aliponiambia atasimama.

Wazee hawana dawa ya hili pia. Damu ya mtu hulipwa kwa ng'ombe na ukoo wa aliyeua, lakini hapa, kama Susu alivyowauliza, ng'ombe watoke zizi gani waingie zizi gani? Aliyekufa ni mtoto wake na aliyeua ni mjukuu wake. Akawaambia waende nyumbani. Usiku ule aliniambia, "Aliyepigwa ndiye huachilia. Hakuna wa kumsaidia kazi hiyo." Mimi kama nimemsamehe, hilo hakuna aliyeniuliza, na nashukuru. Siku nyingine ndiyo. Siku nyingine naona mtaro na...

Basi. Ombi langu ni hili. Usinijibu mimi. Mjibu Mutinda. Kesi ni Jumatatu. Mwendee kabla ya hapo, kwa usingizi au kwa njia yoyote mnayoruhusiwa huko, umwambie umemwachilia. Hukuwa mtu wa maneno mengi, mawili yatatosha. Akiyasikia kwako hatakuwa na haja ya kuyatafuta kwa kamba.

Na ukichelewa, nakuahidi, nitafanya hivi. Wakili amesema jaji anaweza kuuliza familia ya marehemu inasema nini. Nitasimama, Mutinda akinisikia, niseme marehemu amenituma, amesamehe. Nitakuwa nimeshika Biblia. Sijawahi kukusemea uongo, na sitaki nianzie kortini.

Lala salama, mume wangu. Tuma neno haraka, Jumatatu si mbali.

Mke wako